Namba Mbili Zilizobaki

Watu wa Bonde la Caney walikuwa na haraka na kifo cha Zella Stidham. Si kwa ubaya, jamani. Hakuna aliyemchukia yule bibi, na wengi wetu tulikua tukila mkate wake wa mahindi. Tatizo lilikuwa jiwe.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1999, milima ya Kentucky imeshapukutisha majani yote, na Zella alikuwa na miaka tisini na sita. Alikaa jikoni kwenye kiti chake cha kubembea, anamenya viazi. Macho yalikuwa yamefifia lakini mikono ilikuwa bado inajua kazi. Nyumba ilikuwa ya Arvil Stidham, mtoto wa shemeji yake, naye Arvil hakuwa kijana tena: mchimba makaa mstaafu wa miaka sitini na tano, mapafu yameliwa na vumbi, akipanda ngazi kidogo tu lazima asimame apumue.

"Mamkubwa," Arvil alisema huku akikoroga kahawa, "nimepita makaburini leo. Jiwe lenu zuri kweli. Halina hata ufa."

"Litapataje ufa na mimi nalitunza kila mwaka?"

"Ila mwaka wenyewe ndio huo unakatika. Na wewe umekaa tu unamenya viazi kama huna habari."

Wanda, mke wa Arvil, alimchapa mumewe begani na kitambaa cha vyombo. "Wewe mwanamume huna haya! Unamhimiza mtu afe?"

"Namtania tu. Si ananijua?"

Zella alimjua vizuri, ndiyo maana hakucheka. Alimwogesha akiwa mchanga, na alijua kwamba Arvil akianza utani huku anatazama kikombe, jambo lenyewe si la utani. Alitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Sifi mwaka huu," alisema. "Mkinisubiri mtachoka wenyewe."

Jiwe hilo lilisimamishwa majira ya kuchipua ya mwaka 1930. Mumewe, Estill Stidham, alikuwa ameangukiwa na paa la mgodi miezi michache nyuma, wiki zilezile ambazo huko New York matajiri walikuwa wanalia kwamba mali yao imeyeyuka. Caney hakuna aliyewalilia matajiri, tulikuwa na maiti wetu. Mama yake Estill, Mahala, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, alimwagizia mwanawe jiwe la watu wawili kama desturi ya huku ilivyo: mume kushoto, mke kulia, na katikati mikono miwili imeshikana. Upande wa Estill uliandikwa wote, 1899 hadi 1929. Upande wa pili uliandikwa ZELLA, MKEWE, 1903, kisha kistari, kisha 19. Baada ya hapo jiwe lilikuwa tupu na laini, linangoja namba mbili.

"Tumekupunguzia kazi, mwanangu," Mahala alimwambia siku walipompeleka kuliona. "Siku yako ikifika ni kugongagonga kidogo tu, basi."

Zella alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisimama pale na gauni jeusi la kuazima, akasoma jina lake juu ya kaburi. Alitaka kusema hapana. Lakini ukoo mzima ulikuwa umesimama nyuma yake, Mahala analia, na yeye alikuwa mjane asiye na mtoto, analala chini ya paa la mama mkwe. Akasema, "Asante, Mama." Hiyo asante ilimtesa maisha yake yote.

Na msidhani Estill alikuwa mtu mbaya. Zella alimjua kwa miaka mitatu tu, na miaka yenyewe alimwona kwa taa, maana alikwenda mgodini gizani akarudi gizani. Alikumbuka kwamba alipenda kumwagia siki maharage, na kwamba akipiga chafya mbwa alikimbia. Sura yake ilishamtoka. Mtu huyo ndiye aliyetakiwa kulala naye mpaka parapanda ilie.

Kila mwaka mwezi wa Mei tuna Jumapili ya Maua. Wanawake hutengeneza maua ya karatasi na kuyachovya kwenye nta ili mvua isiyaharibu, na kila mjane husugua jiwe la mumewe kwa sabuni na brashi kabla watu hawajapanda kilimani. Kwa hiyo Zella alisugua. Alisugua jina la Estill, halafu akasogea kulia, akasugua jina lake mwenyewe, na ile 19, na ile nafasi tupu. Hebu wewe fikiria, kila mwaka unaliogesha kaburi lako, na watu wanapita wanakusifu kwamba umelitakatisha.

Wanaume walilisoma jiwe hilo kama tangazo. Mwaka 1934, kwenye mnada wa vikapu vya chakula shuleni, ambapo mwanamume anayeshinda kikapu hula na aliyekipika, Mchungaji Lonzo aliinua kikapu cha Zella juu.

"Kuku wa kukaanga huyu, ndugu zangu, na pai ya tufaha! Nani anaanza?"

Zella alitazama viatu vyake. Watu walianza kukohoa, kisha sauti moja nyuma ikasema, "Samahani, Mchungaji, mimi sili na marehemu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Uso ulimwaka Zella hadi masikioni, na laiti mlango ungekuwa karibu angetoka mbio.

"Nakichukua mimi, kwa bei yoyote!" Aliyesema alikuwa Denver Hensley, mfunga breki wa treni ya makaa, jamaa mrefu mwenye meno yaliyopishana. "Huyu marehemu anapika kuliko wake zenu walio hai, na nyote mnajua."

Walikula pamoja kwenye dawati la mwisho. Denver alikula kuku mpaka mifupa, akafuta mikono, akamwambia, "Bibie, unacheka vizuri kwa mtu aliyekufa." Zella hakuwa hata anajua kwamba alikuwa anacheka. Alirudi nyumbani usiku ule anaona haya kwa furaha aliyokuwa nayo.

Denver hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Kabla mwaka haujaisha alivua kofia akaenda kwa Mahala. "Mama, nataka kumwoa Zella. Naomba jina lake mlifute pale."

Mahala alikuwa anashona. Hakuinua hata kichwa. "Jiwe la Stidham huongezwa, halifutwi."

Hiyo ndiyo sheria ya ukoo, na chanzo chake kila mtu alikijua. Zamani babu mmoja wa kwao alifuta jina lililokosewa kwenye jiwe la ndugu yake, na kabla ya theluji ya kwanza watoto wake wawili wakafa kwa dondakoo. Tangu hapo patasi ya kuongeza inaruhusiwa, patasi ya kufuta inaita mauti nyumbani. Na mwaka ule nyumbani kulikuwa na kichanga kinachokohoa kifaduro mpaka kinageuka rangi ya bluu. Kichanga hicho ndicho huyu Arvil.

"Ukitaka kafute," Mahala alimwambia Zella, huku akielekeza sindano kwenye kitanda cha mtoto. "Nenda. Nyundo iko ghalani."

Zella alimtazama mtoto. Hakwenda ghalani.

"Achana na jiwe, twende hivyohivyo," Denver alimsihi. Lakini Mchungaji Lonzo alikataa kufungisha ndoa ya mwanamke ambaye ameandikwa mke wa mwingine mbele ya Mungu na ukoo, na Zella mwenyewe aliogopa. Leo utasema ujinga gani huu. Utasema hivyo kwa sababu hujawahi kusugua jina lako kaburini. Ukilisugua mara kadhaa unaanza kuliamini. Denver alisubiri, akasubiri, kisha mwaka 1936 akapanda treni kwenda Detroit kuunda magari.

Vita vilipokuja, serikali ikaita wanawake viwandani, na kwa mara ya kwanza Zella akapata sababu ambayo hata Mahala hakuweza kuipinga. Wajukuu wake walikuwa mstari wa mbele, nani angekataa watengenezewe ndege? Zella alifika Detroit mwaka 1943 akiwa na miaka arobaini kasoro na sanduku la kadibodi. Alivaa suruali. Alipigilia misumari kwenye mbawa za ndege za kivita, kelele mpaka meno yanatetemeka, na jioni alikula soseji barabarani na wasichana ambao hawakujua kwamba ana jiwe popote. Denver alikuwepo, hajaoa bado, nywele zimeanza kurudi nyuma.

"Marehemu amefufuka!" alimpokea kituoni, akamnyanyua juu na sanduku lake.

Walipanga kuoana kwa hakimu wa mjini, si kwa mchungaji, tena mapema kabla hajapata muda wa kuogopa. Zella alishanunua kofia. Ijumaa moja mwenye nyumba aliyopanga akamwita kwenye simu. Aliyepiga alikuwa shemeji yake, baba yake Arvil, anapiga kelele kana kwamba Detroit ni ng'ambo ya kijito. "Shemeji, Mama ameanguka! Nyonga imevunjika, na mke wangu ana mimba kubwa. Njoo wiki mbili tu!"

"Wiki mbili," Zella alimwambia Denver. "Mzee wa watu hana mtu. Narudi."

"Hurudi," Denver alisema. Hakuwa na hasira. Alimshikia kofia yake mpya, akaitazama, akamrudishia. "Wale hawakuachii, Zella. Na wewe hujui kujiachisha."

Alikasirika kusikia hivyo, na akakasirika zaidi miaka yote iliyofuata, kwa sababu jamaa alisema kweli. Mahala hakupona wala hakufa. Alilala kwenye kile kitanda anaita "Zella! Zella!" mpaka mwaka 1958. Zella alimgeuza, alimlisha, alimwosha, na Mei ilipofika alipanda kilimani na sabuni yake. Denver aliandika, kisha akaandika kwa nadra, kisha akaoa mjane wa huko Michigan mwenye watoto watatu. Siku Zella alipopata habari hizo aliipeleka ile kofia kwenye banda la kuku, akaigeuza juu chini, kuku mmoja akatagia humo.

Mahala alipokufa, Zella alikuwa na miaka hamsini na tano na mgongo umeshaumia. Mashine zilikuwa zimeingia mgodini, wanaume wamefukuzwa, nusu ya bonde imehamia Ohio na Michigan. Aende wapi? Akabaki. Wakaja watu wa serikali na kamera kupiga picha umaskini wetu, wakamweka barazani wakamwambia asitabasamu. Wakati wanapakia vyombo vyao alimwuliza mmoja, "Mwanangu, huko mnakotoka mnaandika majina ya watu makaburini kabla hawajafa?" Yule kijana akadhani bibi amerukwa na akili.

Mwaka 1969 alikaa sebuleni kwa Arvil akatazama wanaume wawili wanarukaruka mwezini. Watu walishangilia. Yeye machozi yalimtoka, na Wanda, bibi harusi mpya wakati huo, akamwuliza kuna nini.

"Wametoka kabisa duniani," Zella alisema. "Mimi sijaweza kutoka Caney."

Wanda hakuwa mzaliwa wa ukoo ule, kwa hiyo alithubutu kuuliza. "Kwani Mamkubwa, ungekuwa na hiari, ungetaka kulala wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo tangu azaliwe. "Kwa mama yangu," Zella alijibu bila kufikiri. Mama yake, Zilpha Fugate, alikufa kwa ile homa kubwa ya mwaka 1918, Zella akiwa binti wa miaka kumi na mitano, akazikwa ng'ambo ya kijito kwenye kilima cha akina Fugate. "Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Niliahidi kwamba siku yangu ikifika nitakuja kulala hapo kando. Ndicho kitu pekee ninachokitaka, Wanda. Sitaki kingine."

Wanda alimwambia Arvil. Arvil akasema jiwe la Stidham huongezwa, halifutwi, na hakuna kaburi lililoandikwa jina likaachwa bila mtu. Mambo yakaishia hapo kwa miaka thelathini.

Lakini Zella hakuacha kufikiri, na kadiri karne ilivyokwenda ndivyo alivyoanza kuona kitu ambacho akina Stidham wenyewe hawakukiona. Walichonga 19 kwa sababu mwaka 1930 hakuna aliyewaza kwamba yule mjane mkondefu angefika mwaka elfu mbili. Akifa 1999, wataongeza namba mbili na jiwe litakuwa lake. Akifa baada ya hapo, ile 19 ni uongo, na ili jiwe liseme kweli lazima waifute. Na kufuta hawafuti. Sheria yao wenyewe ingemfungulia mlango, ilimradi tu asife.

Hakumwambia mtu. Alianza kula. Alikula mayai na mtindi na mboga za porini, aliacha tumbaku ya kutafuna aliyoipenda, alikataa kupanda ngazi palipo na barafu. Arvil alidhani bibi anaogopa kifo. Maskini Arvil.

Wiki moja kabla ya Krismasi kifua kikamkamata. Ilianza kama mafua, kisha pumzi ikawa inakwaruza, kisha homa ikapanda akaanza kumwita mama yake. Daktari alikuja akasema ni nimonia, na kwa umri ule familia ijiandae. Kwenye televisheni walikuwa wanatabiri kwamba kompyuta zote zitakwama mwaka ukigeuka, taa zitazimika, ndege zitaanguka. Nyumbani kwa Arvil hakuna aliyejali kompyuta. Jamaa walikuja kutoka Ohio wamebeba vyakula vilivyofunikwa kwa karatasi za alumini, wakakaa jikoni wananong'ona, na Zella alisikia kila neno, maana masikio ndiyo yaliyombakia.

"Masikini, angalau itakuwa sawasawa na jiwe," mmoja alisema.

"Nimeshampigia fundi Dewey," alisema Arvil. "Amesema barafu ikiyeyuka kidogo anaweka tisa mbili, nusu saa kazi imekwisha."

Zella alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua, hata mgodi ulipopiga king'ora siku ya Estill. Aliona anavutwa shimoni mwa mtu asiyemkumbuka sura, kwa tofauti ya siku chache. Alimshika Wanda mkono. "Nipe supu."

"Mamkubwa, umetapika sasa hivi."

"Nipe tena. Nikitapika, nipe tena. Usiniache nilale chali, nikalishe. Wanda, usiwaache wanipate."

Wanda alimtazama, na nadhani ndipo alipoelewa yote, kwa sababu alikwenda jikoni akawafukuza wale wa Ohio na vyakula vyao. Siku zote zile alimkalisha kwenye mito, akamgonga mgongo, akamlisha kijiko kimoja kimoja. Zella alimeza kwa hasira. Sala aliyosali ilikuwa moja tu: nisife bado, nisife bado.

Saa ya kugeuka mwaka hakuiona. Alikuwa amelala fofofo. Alipofumbua macho, jua lilikuwa dirishani na jikoni kulikuwa na harufu ya maharage na nguruwe, chakula chetu cha mwaka mpya.

"Mwaka gani?" aliuliza.

"Elfu mbili," Wanda alisema, naye analia na kucheka kwa pamoja. "Taa hazikuzimika hata moja, Mamkubwa."

Zella alifunga macho tena. "Mwite Arvil."

Arvil alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mambo alikuwa ameshayapigia hesabu usiku, ungemwona usoni. "Hongera, Mamkubwa. Kuhusu lile jambo usihangaike. Dewey anasema kuna kibati cha shaba, unakibandika juu ya ile 19..."

"Kubandika juu ya kilichoandikwa ni kufuta."

"Si kufuta kabisa..."

"Nilikuacha hai kwa sheria hiyo," Zella alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Denver Hensley alisimama nje ananingoja, na mimi sikugusa nyundo kwa sababu wewe ulikuwa unakohoa kitandani. Kama sheria ni ya kweli, isimamie. Kama si ya kweli, niambie sasa hivi, Arvil, nijue nilikaa hapa kwa ajili ya nini."

Arvil alikaa ukingoni mwa kitanda akapumua ile pumzi yake ya kukwaruza. Hakuwa mtu mbaya, na lile jambo halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja. "Ni ya kweli," alisema mwishowe, kwa taabu.

"Basi nipelekeni kwa mama yangu."

"Sawa, Mamkubwa." Kisha, kwa kuwa ni Stidham, akaongeza, "Lakini lile jiwe litakaaje hivyo, na nafasi tupu? Watu watasema nini?"

"Halitakaa tupu. Mwambie Dewey aje Jumapili ya Maua."

Mei ilifika. Walimpandisha kilimani nyuma ya gari la Arvil, amefungwa blanketi, ameshika shada la maua ya nta alilotengeneza mwenyewe. Sote tulikuwepo, meza zimepangwa chini ya miti, watoto wanafukuzana kati ya makaburi. Kwa mara ya kwanza kwa miaka sabini hakuwa amelisugua jiwe. Wanda ndiye aliyelisugua.

Dewey, fundi wa mawe, alipiga magoti na patasi yake. "Haya, bibi. Niongeze nini?"

"Mbili na tisa."

Watu wakatazamana. Dewey akadhani hakusikia vizuri. "Ishirini na tisa? Hiyo ni kama ya mumeo."

"Ndiyo."

"Mamkubwa," Arvil alisema taratibu, "huo utakuwa uongo. Wewe uko hai."

"Mimi niko hai, ndiyo. Mimi ni Zella Fugate, na nitakwenda ng'ambo ya kijito." Alinyoosha kidole kwenye jiwe. "Huyo hapo ni Zella mke wa Estill. Alikuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa anapenda kucheza dansi, na mlimzika na mumewe. Nyote mlikuwa mnajua, ndiyo maana hamkutaka kununua hata kikapu chake. Sijaambia mtu afute. Nimesema aongeze."

Arvil akavua kofia. "Ongeza, Dewey," alisema.

Patasi ikaanza. Unga mweupe wa jiwe ukadondoka kwenye nyasi, na Zella alikaa akisikiliza mpaka mlio ukakoma. Akaomba asogezwe. Akapapasa kwa kidole gumba mahali pale palipokuwa laini miaka yote, akasikia ukali wa kingo mpya, kisha akaanza kulia, kilio kikubwa cha mwanamke mwenye msiba, na Wanda akamkumbatia. Hakuwahi kumlilia binti yule. Hakuna aliyewahi kumlilia.

Alipomaliza alilaza lile shada upande wa kulia wa jiwe, akajifuta uso kwa pembe ya blanketi.

"Na jiwe la kule ng'ambo?" Dewey aliuliza kwa woga kidogo. "Nianze kulichonga, bibi? Jina na mwaka wa kuzaliwa?"

"Chonga jina tu," Zella alisema. "Namba mtaweka mkishaniona nimekufa. Haya twendeni, kuku anapoa."